Gundi Ingojayo Mwanga

Kuunganisha kitu na kitu ni kazi ya kale sana ya wanadamu. Seremala huunga ubao na ubao, fundi viatu hubandika soli, na watoto wa shule hubandika karatasi kwa uji wa unga wa muhogo. Wote hao wana adui mmoja, naye ni wakati. Gundi ikisha kupakwa huanza kukauka, fundi akiwa tayari au asiwe tayari. Ndiyo maana wazee walisema, "Udongo uupate ungali maji," kwa sababu udongo haumngoji mfinyanzi.

Mwezi huu twapenda kueleza habari za gundi ya namna nyingine, ambayo humngoja fundi. Yaweza kukaa gizani siku nyingi, haikauki wala haishiki. Fundi huipaka, huitandaza, hukirekebisha kitu chake mpaka kikae sawasawa, na yote hayo bila haraka. Kisha huleta mwanga, na papo hapo gundi hushika, pale pale palipopigwa na mwanga wala si pengine.

Wataalamu wa kemia hawaiiti gundi. Wao huviita viunganishi viamshwavyo na mwanga, kwa kuwa kitu chenyewe si uji wa kupakwa kwa brashi bali ni molekuli. Nayo molekuli, kama wasomaji wengi wajuavyo, ni chembe ndogo mno. Katika tone moja la maji zimo nyingi kupita punje zote za mchanga wa pwani ya Afrika Mashariki. Kiunganishi cha namna hii kina pande mbili. Upande mmoja umeshika mzigo, yaani kitu kile tutakacho kukibandika, labda dawa, labda protini, labda utando mwembamba. Upande wa pili una kulabu iliyolala. Mwanga ndio uiamshao kulabu hiyo. Sisi walimu twataka neno ambalo mtoto atalishika mara moja, na kwa hiyo tumeiita gundi.

Tulipoeleza habari hizi darasani, mwanafunzi mmoja wa kike aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, mbona jua lapausha kanga ya mama, na ndoo iliyoachwa uani hupasukapasuka? Mwanga tuujuao sisi huharibu. Huo uungao watoka wapi?" Wenzake wakacheka, lakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Ni swali la mtu aliyetazama mambo kwa macho yake mwenyewe, na kulijibu kwataka zaidi ya dakika zile chache zilizobaki kabla ya kengele. Basi tulijibu hapa kwa utaratibu, kwa faida yake na ya wengine.

Yafaa kwanza tujue kwamba mwanga haufiki kama maji ya mto yatiririkayo bila kukatika. Hufika kwa mafungu madogo madogo, kama vile nafaka ifikavyo sokoni kwa magunia. Jambo hilo Albert Einstein alilieleza mwaka 1905. Kila fungu lina nguvu yake, na nguvu hiyo hutegemea rangi. Fungu la mwanga mwekundu lina nguvu kidogo. La buluu lina nguvu zaidi. La mwanga ule uliopita urujuani, usioonekana kwa macho yetu, uitwao urujuanimno, lina nguvu kupita hayo yote mawili. Na molekuli hupokea fungu zima au haipokei kabisa. Kwa hiyo, kwa taa za kawaida, mafungu elfu ya mwanga mwekundu hayawezi kufanya kazi ya fungu moja la urujuanimno, kama vile funguo elfu zisizofaa haziwezi kufungua kufuli moja. Ndiyo sababu wapiga picha wa zamani walikaa katika chumba chenye taa nyekundu bila kuziharibu karatasi zao.

Tena, mwanga usiopokewa haufanyi kazi. Theodor von Grotthuss alisema hivyo mwaka 1817, na John William Draper akalisema tena mwaka 1842. Mwanga upitao katika dirisha na kwenda zake haukuacha kitu katika kioo, wala ule urudishwao na kioo cha kujitazamia haukukibadili. Ni lazima kiwepo kitu cha kuupokea.

Hapo ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wetu. Rangi ya kanga hupokea mwanga wa jua, lakini hakuna aliyeipangia nguvu ile kazi ya kufanya. Basi nguvu hiyo, ikisaidiwa na oksijeni ya hewa, huivunja rangi yenyewe, na kanga hupauka. Plastiki ya ndoo ni minyororo mirefu ya atomu. Jua na hewa huikata minyororo hiyo kidogo kidogo, hata siku moja ndoo hupasuka mikononi mwa mtekaji. Katika kiunganishi nguvu ni ile ile. Tofauti ni kwamba mtu ametangulia kuitengenezea mahali pa kufanyia kazi, ili kifungo kimoja kikiachia, kingine kifungwe hapo hapo na jirani. Moto uunguzao nyumba ndio uivishao ugali, na kilichowekwa kati ya mambo hayo mawili ni mafiga.

Watu waliitumia gundi hii kabla hawajaelewa inavyofanya kazi. Huko Ufaransa, Bwana Nicéphore Niépce alipaka sahani ya madini kwa namna ya lami iitwayo lami ya Uyahudi. Mwaka 1826 au 1827 aliiweka sahani hiyo ndani ya sanduku la picha, akalielekeza nje ya dirisha la nyumba yake katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes, akaiacha saa nyingi. Palipopigwa na mwanga, lami iligeuka kuwa ngumu ikaishika sahani. Palipokuwa na kivuli ilibaki laini, naye akaiosha kwa mafuta ya lavenda yaliyochanganywa na mafuta mengine. Kilichobaki ni sura ya mapaa na kuta. Sahani hiyo ipo hata leo katika Chuo Kikuu cha Texas, katika mji wa Austin, Marekani, nayo ndiyo picha ya kamera ya kale kupita zote zilizosalia duniani.

Mwaka 1855 Mfaransa mwingine, Alphonse Poitevin, alipata haki ya uvumbuzi wa kazi iliyofanana na hiyo. Alichanganya vitu kama ute wa yai na jelatini pamoja na chumvi ya kromi iitwayo daikromati. Mchanganyiko huo ukipakwa juu ya jiwe la kupigia chapa na kuachwa gizani, huoshwa kwa maji ukatoka. Ukipigwa na mwanga, kromi hugeuka hali yake ikazifunga protini moja kwa nyingine, kama ifungavyo nyuzi za ngozi katika kiwanda cha kutengenezea ngozi, na mchanganyiko hautoki tena kwa maji. Palipofungwa ndipo paliposhika wino. Kwa njia za namna hiyo picha ziliingia katika vitabu na magazeti, na hata leo sahani nyingi za mitambo ya chapa hutengenezwa kwa utando ambao mwanga huubadili. Basi wasomaji wa magazeti wamekula matunda ya gundi ya mwanga kwa muda mrefu bila kuuona mti.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi. Kila nyumba kwetu ina dumu la plastiki, na kila mtu ajua kwamba dumu likipasuka hakuna gundi ya dukani iwezayo kuliziba sawasawa. Watu huliziba kwa kipande cha plastiki kilichoyeyushwa kwa chuma cha moto. Sababu ni nini? Gundi nyingi hutafuta mahali pa kushika, kama mpanda mnazi atafutavyo vidato. Mbao zina matundu na nyuzi. Chuma na kioo vina oksijeni usoni pake. Plastiki ya dumu haina hata kimoja cha hivyo. Ni kaboni na hidrojeni tu, kaboni na hidrojeni, mnyororo mrefu usio na kidato.

Na katika hospitali plastiki za jamaa hiyo ziko kila mahali. Mrija uingizwao katika mwili wa mgonjwa ni plastiki au mpira, nao ukiwa mkavu hukwaruza nyama za ndani. Madaktari walitaka kuuvisha utando utelezao ukilowa maji, utando usiobanduka ndani ya mwili. Lakini utautundika wapi utando, ikiwa ukuta hauna msumari wala tundu?

Dawa ya shida hiyo ni molekuli iitwayo benzofenoni. Molekuli hii haitafuti oksijeni wala tundu. Ikipigwa na mwanga wa urujuanimno wa nanometa kama 350 au 360 (nanometa moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita), oksijeni iliyomo ndani yake huamka ikamnyang'anya jirani hidrojeni moja. Kaboni ya jirani, ikiachwa hivyo mkono wazi, hushikana na kaboni ya benzofenoni, na hapo kifungo kimefungwa, kaboni kwa kaboni, ambacho si rahisi kukivunja. Kile kile kilichoifanya plastiki isishikike, yaani kuwa na kaboni na hidrojeni pekee, sasa ndicho kidato chenyewe. Mirija mingine ya hospitali huvishwa utando kwa njia hii: hutumbukizwa katika maji yenye utando na viunganishi vyake, kisha humulikwa.

Lakini sifa ya benzofenoni ituvutiayo sisi walimu kuliko zote ni hii. Ikiamshwa na mwanga, nayo isikute jirani wa kufaa karibu, hairibiki. Hurudi ikalala kama ilivyokuwa, na fungu jingine la mwanga likija huamka tena. Yaweza kuamshwa na kulala mara nyingi hata jirani apatikane.

Si viunganishi vyote vyenye saburi hiyo. Wako wengine waitwao azaidi, na wengine diazirini. Hao wakipigwa na mwanga hutoa nitrojeni, kama mtu atupaye nanga baharini na kuikata kamba, nao hawawezi kurudi walikotoka. Mara hiyo hiyo hukamata cho chote kilicho karibu, na kama kilicho karibu ni maji, basi hukamata maji, na kazi imepotea. Diazirini iliyoamshwa huishi muda mfupi mno, hata haina nafasi ya kwenda mbali. Lakini wepesi huo nao una faida zake. Mwaka 1969 huko Oxford, Uingereza, George Fleet, Rodney Porter na Jeremy Knowles walitaka kujua ni sehemu gani ya kingamwili imkamatayo mgeni. Kingamwili ni zile protini za damu zipiganazo na maradhi. Walimtengeneza mgeni mdogo mwenye azaidi mgongoni, wakamwacha gizani aingie mwenyewe katika mfuko wa kingamwili unaomfaa. Alipokwisha kutulia ndani, wakawasha taa. Azaidi ikakamata kilichokuwa karibu, yaani ukuta wa mfuko ule ule, na mgeni hakuweza kutoka tena. Kwa kutafuta alipofungwa, wakajua mfuko ulipo. Kama azaidi ingalikuwa na saburi nyingi ya kutangatanga, ingalishika po pote, na jibu lingalikuwa la uongo.

Basi twaona sheria moja katika viunganishi hivyo vyote, vyenye saburi na visivyo na saburi. Mwanga hauviti vitu vilivyo mbali. Hauwezi kumleta jirani asiyekuwapo, wala kusafisha uso mchafu, wala kufukuza maji yaliyoingia katikati. Kazi yake ni kufunga vilivyokwisha kukaribiana. Ukaribu wenyewe ni kazi ya gizani, kazi ya mikono, nayo yatangulia.

Sheria hiyo sisi hatukujifunza kitabuni peke yake, bali kwa kinywa chetu wenyewe, na twaomba ruhusa ya wasomaji tuisimulie habari hiyo. Mwaka mmoja, tulipokuwa tukila wali, tuliuma jiwe, na jino letu la mbele likameguka nusu. Kwa mtu wa kazi nyingine labda ni jambo dogo, lakini mwalimu hufanya kazi kwa kinywa. Herufi za S na Z zikatoka na mluzi. Kila tulipotamka neno "sasa," madawati ya nyuma yalipiga mluzi kutujibu. Tukawa twafunika kinywa kwa mkono tunapofundisha, na watoto wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii. Katika mwaka ule darasa letu lilikuwa likijitayarisha kwa mtihani wa mwisho, na siku zilikuwa zikihesabika.

Tukaenda mjini kwa mtengeneza meno mmoja. Watu walikuwa wengi barazani, naye alikuwa na haraka. Akaweka dawa laini mahali pa jino, akaimulika kwa taa ya buluu, na kazi ikaisha kabla hatujakaa vizuri kitini. Tulilipa fedha tulizokuwa tumeziweka kwa sare za mtoto wetu, tukarudi nyumbani tukicheka. Siku ya tatu, katikati ya imla, kile kipande kikaanguka juu ya meza. Hakikuvunjika. Kilikuwa kigumu kama jiwe lile la wali, kizima, king'aavu, chenye umbo la jino. Taa ilikuwa imefanya kazi yake barabara, lakini kipande hakikuwa kimeshikana na jino.

Baada ya mwezi tukapata fedha nyingine, tukaenda mahali pengine, kwa mama mmoja daktari wa meno, mtu mzima mwenye maneno machache. Tulimpa kile kipande, tukamwambia, "Daktari, twadhani taa yao ilikuwa mbovu." Akakigeuza vidoleni akasema, "La, Mwalimu. Taa ni njema. Mate yaliingia kati. Taa hugandisha, haikaushi jino lililolowa." Kisha akaanza kazi. Alizungushia jino pamba pande zote. Alipaka asidi, akahesabu, akaosha kwa maji, akakausha kwa pumzi ya hewa, akatazama, akakausha tena. Alipaka maji membamba ya kunata, akayamulika. Ndipo alipoweka dawa yenyewe, tabaka nyembamba baada ya tabaka nyembamba, na kila tabaka aliimulika peke yake, kwa kuwa mwanga haufiki chini sana. Katika saa nzima tuliyokaa pale, taa haikuwaka hata dakika tano. Jino hilo tunalo mpaka leo, na sasa limo katika mwaka wake wa sita.

Baadaye tulitafuta maana ya kila hatua, nasi tukaona kwamba kila moja ina historia yake. Ile asidi ilianzishwa na Michael Buonocore huko Marekani, mwaka 1955. Yeye alijua kwamba viwandani watu husafisha chuma kwa asidi ya fosforasi kabla ya kukipaka rangi, ili rangi ishike. Akajaribu jambo hilo kwenye ngozi ngumu ya jino, naye aliona dawa yashika vizuri zaidi, maana asidi huchimba vishimo vidogo ambavyo dawa huingia ndani yake ikafanya mizizi. Dawa yenyewe yatokana na kazi ya Rafael Bowen, Mmarekani pia, aliyepata haki ya uvumbuzi wake mwaka 1962. Na kile kiipokeacho mwanga wa buluu katika dawa nyingi za meno ni kitu cha manjano kitengenezwacho kutokana na kafuri, kafuri ile ile ijulikanayo majumbani mwetu kwa harufu yake. Yafaa tuseme kwa haki kwamba dawa ya meno haifanyi kama benzofenoni ya mrija wa hospitali. Molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe zikawa kitu kimoja kigumu, na jino hushikwa kwa ile mizizi na yale maji ya kunata. Hata rangi ya jeli ya kucha, ambayo wasichana wa mijini huikausha kwa taa ya urujuani, ni ya jamaa hiyo. Lakini sheria ya ukaribu ni moja kwa wote. Mtengeneza kucha ajuaye kazi yake hufuta mafuta ya ukucha kwanza, maana rangi iliyopakwa juu ya mafuta hubanduka nzima nzima kama ganda la yai.

Kuna jambo moja tena ambalo gundi ya kawaida haiwezi kulifanya kabisa, nalo ni kuandika. Kwa kuwa kiunganishi hushika pale tu palipomulikwa, mtu akiweka kifuniko chenye matundu kati ya taa na kioo, ataweza kubandika kitu hapa na kuacha pale, kama fundi achoraye herufi kwa kibati kilichokatwa. Mwaka 1991 Stephen Fodor na wenzake huko California walifanya hivyo kwa namna ya ajabu. Walichukua kipande cha kioo chenye molekuli zilizovikwa kofia, na kofia hizo mwanga huziondoa. Walimulika sehemu fulani, kofia zikatoka, wakamimina kitu cha kwanza, nacho kikashika pale tu palipokuwa wazi. Kisha wakabadili kifuniko, wakamulika sehemu nyingine, wakamimina kitu cha pili. Wanafunzi wetu walipenda hesabu yake. Kila hatua huigawa kila sehemu katika mbili: iliyopokea na isiyopokea. Hatua 1 hutoa aina 2. Hatua 2 hutoa 4. Hatua 3 hutoa 8. Tukaendelea ubaoni darasa zima likitamka kwa sauti, 16, 32, 64, 128, 256, 512, na katika hatua ya 10 tukafika 1024. Ndiyo hesabu yao hasa: aina 1024 za vipande vya protini kwa hatua 10 tu, kila aina mahali pake panapojulikana juu ya kioo kimoja. Kutokana na njia hiyo vilitoka baadaye vibao vidogo vya kupimia urithi wa viumbe.

Mwalimu asiye na maabara aweza kuwaonyesha watoto mwanzo wa mambo haya kwa gharama ndogo. Achukue karatasi ya rangi iliyo rahisi, ile ipaukayo upesi. Aweke jani juu yake, alifunike kwa kipande cha kioo ili lisisogee, aache juani siku kadhaa. Akiliondoa jani ataona umbo lake limebaki na rangi ya kwanza, na pembeni pamepauka. Watoto wataelewa kwamba kivuli chaweza kuandika, na kwamba mwanga hufanya kazi pale ulipopokewa. Lakini asijaribu daikromati, maana ni sumu kali isiyofaa mikono ya watoto, wala asiwaruhusu kuitazama taa ya urujuanimno kwa macho makavu.

Mwisho, twataka kusema neno moja kwa walimu wenzetu. Mara nyingi watu husifu siku ile mtoto aliyekuwa mzito alipoelewa ghafula, wakadhani kazi ilifanyika siku hiyo. Ni kweli kwamba siku hiyo kulikuwa na mwanga, lakini kabla yake zilikuwako siku nyingi za kusafisha na kukausha na kusogeza, ambazo hakuna mkaguzi aliyeziona. Mtoto aliyekuja shuleni bila kula, au asiyesikia vizuri kutoka dawati la nyuma, ana maji katikati. Tukimwashia taa bila kumkausha, atajibu vizuri leo, na siku ya tatu neno litaanguka mezani likiwa zima. Na wako watoto ambao tumewamulika mara nyingi nao hawakushika kitu. Tusiseme wameharibika. Huenda ni wa jamaa ya benzofenoni, wamerudi kulala tu kwa sababu hapakuwa na jirani wa kushika, na kazi yetu ni kumtafuta jirani huyo, kumsogeza, kisha kuwasha taa tena.